Mikono Iliyolala Ndani ya Ndoo

Wakati wa vita niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa akili yote niliyokuwa nayo, kwamba radi huingia ndani ya gari kwa sababu esuiglasi inaipungia mkono.

Esuiglasi, kwa asiyejua maneno yetu ya Kindu, ni ile mikono miwili ya chuma inayopangusa mvua kwenye kioo cha mbele. Habari yenyewe ilikuwa hivi: radi iko juu, inazunguka, haina pa kwenda. Inatazama chini, inaona gari, na mbele ya gari inaona mkono, huku na kule, huku na kule. Nani hajui maana ya mkono kama huo barabarani? Ni mtu anayeita. Basi radi inashuka, inapanda, wala haiulizi kama kuna nafasi. Ilisemekana dereva mmoja wa upande wa Obokote alibaki kofia tu. Wengine walisema kofia na kiatu kimoja. Mimi nilikuwa wa kundi la kofia na kiatu, na nililitetea kwa nguvu, utafikiri kile kiatu nilikuwa nimekishika mwenyewe.

Dawa ilijulikana na kila mtu. Tone la kwanza likianguka, unasimamisha gari, unafungua mikono yote miwili, unaikimbiza kwenye nyumba iliyo karibu na kuizamisha ndani ya ndoo ya maji yaliyotiwa majivu. Maji yanazima moto wa radi, kama ulikwisha kuingia. Majivu sikuwahi kuelezwa yanafanya nini, lakini ndiyo yaliyonipa imani kubwa zaidi. Mikono inalala humo mpaka mbingu itulie. Kwa hiyo Kindu ya siku zile ilikuwa mji wa pekee chini ya jua ambako watu waling'oa esuiglasi mvua ikianza na kuzirudisha jua likiwaka. Aliyelazimika kuendesha ndani ya mji aliendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha, macho yamefumbwa nusu, mdomo wazi. Nina hakika wako madereva waliokunywa mvua nyingi kuliko shamba la mpunga. Nje ya mji, kwenye barabara za msituni, bila esuiglasi hakuna aliyethubutu.

Basi ndiyo maana, vita vilipokwisha, magari machache yaliyobaki kwetu yalikuwa na esuiglasi zilizoliwa na kutu kuliko mahali popote. Na katika hizo zote, hakuna zilizofikia za baba mudogo.

Baba mudogo ni mdogo wa baba yangu mzazi. Tulikaa uwanja mmoja, mtaa wa Mikelenge, yeye na mke wake nyumba ya mbele, mimi na wangu nyumba ya nyuma. Alikuwa na gari dogo la Kijapani lenye rangi ya uji uliopoa, na kukaa nyumbani kulimuumiza kama jipu. Hata vita vilipofunga njia karibu zote, yeye aliona upenyo. Asubuhi unamsikia anapasha moto injini, jioni anarudi na madumu ya mafuta ya mawese na mchele wa watu. Mama mudogo, yaani mke wake, alimkataza. Alimkataza zaidi siku za mvua, kwa sababu gari likikwama kwenye daraja la magogo hujui ni nani atakayetoka msituni kuja kulisukuma, wala atasukuma akiwa ameshika nini. Baba mudogo alijibu kwamba mvua ni maji tu, akaenda. Habari ya radi ilipofika ndipo alipotulia. Kila wingu likipanda, ananiita, maana mimi nilikuwa fundi wa baiskeli na spana ilikuwa mfukoni mwangu muda wote kama rozari. Nang'oa, nazamisha. Yeye anakaa barazani akitazama mvua kwa hasira ya mtu aliyezuiwa na serikali.

Niseme na jambo moja la ukoo wetu, ama sivyo mtashangaa namna tunavyoitana. Mimi nimepewa jina la babu, yaani baba yake baba mudogo. Kwa hiyo baba mudogo, mwenye mvi, ananiita "baba". Na mke wake, aliyenipangusa makamasi utotoni, ananiita "bamukwe", baba mkwe wake. Kwetu mwanamke hachezi na baba mkwe: anampisha njia, anajifunika kichwa, hamtazami usoni. Mama mudogo aliyafanya haya yote, tena kwa kuzidisha, hata kila heshima aliyonipa ikawa kama kibao cha mgongo. Nikipita na suruali iliyochanika, anainama mpaka chini: "Bamukwe, unisamehe, macho yangu imeona kitu haikustahili kuona."

Vita vilipokwisha nilijiandikisha shule ya jioni, ile ya watu wazima, ambako nusu ya darasa walikuwa na wajukuu. Baba mudogo akaniongezea jina: msomi wa koroboi, kwa ajili ya zile taa za moshi tulizosomea. Huko nilisoma fizikia. Mwalimu alipotuambia kwamba umeme wa mawingu unapenda kitu kirefu cha chuma, nilikaribia kusimama nishangilie. Kwenye mtihani nilijibu swali la radi kwa ukurasa mzima, nikaongeza esuiglasi, nikachora na mchoro, mkono ukipunga. Mwalimu aliweka alama ya kuuliza, nyekundu, kubwa, iliyotoka ukingo mmoja wa karatasi mpaka ukingo wa pili. Nilielewa kwamba ameshangazwa na kina cha mawazo yangu. Cheti nilipata. Kiko ukutani hadi leo, juu ya redio.

Kulikuwa na swali moja la kunisumbua. Magari mapya yalianza kuingia Kindu kutoka nje, na madereva wake, watu wasiojua lolote la dunia, walipungia mvua esuiglasi mchana kutwa na radi haikuwagusa. Nililichunguza jambo hili kisomi. Nikazunguka magari yao na kugundua: mikono yao ni myeusi tii. Nani ataona kitu cheusi chini ya wingu jeusi? Wakati zetu, rangi iliisha zamani ndani ya maji na majivu, kikabaki chuma kinachong'aa hapa na kutu nyekundu pale, kama bendera. Nilipomweleza baba mudogo, alitikisa kichwa taratibu, akasema serikali ingenipa kazi. Mama mudogo alikuwa karibu anachambua mchele. Akashikwa na kikohozi, akaenda kukohoa nyuma ya nyumba.

Sasa nifike kwenye kazi yenyewe.

Majira ya mvua yaliyopita, dereva wa pikipiki alileta ujumbe kutoka Pangi. Huko anakaa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba mudogo, ambaye ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Shangazi ameanza kupoteza watu kichwani. Wanawe anawachanganya, wajukuu amewaacha kabisa. Lakini mdogo wake alikuwa bado yumo. Kila anayepita mlangoni anamuuliza: "Mutoto yangu wa gari iko wapi? Anakuja lini?"

"Na juzi," dereva wa pikipiki alisema, "aliita mbuzi kwa jina yako."

"Mbuzi ikafanya nini?" aliuliza baba mudogo.

"Ikaitika, muzee."

Baba mudogo alicheka, halafu akaacha kucheka. Kisha akasema: "Nitaenda wakati angali ananijua. Akisha kunisahau, ntakuwa naenda kuonana na nani?"

Kwenye pikipiki hawezi, nyonga yake ya kushoto ilishajiuzulu. Malori yako juu mno. Ilibaki gari lake, ambalo lilikuwa bado linatembea mjini siku za jua, taratibu, kwa dua. Tairi zilikuwa nzuri. Breki zilikuwa na tabia zake lakini tulizielewa. Tatizo lilikuwa lile lile. Tangu vita, esuiglasi zilikuwa zimekwama pale pale kwenye kioo, zimegeuka kutu tupu, na kutoka Kindu mpaka Pangi katika majira hayo mvua haikosi.

Aliyeweka sharti ni mama mudogo. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni: "Bila esuiglasi, gari haitoki. Kioo kikijaa maji utanitupa mutoni pamoja na kuku ya shangazi. Bamukwe wangu, mwenye cheti, atatengeneza."

"Zitakuwa nyeusi tii," nilimwahidi. "Radi haitaziona."

"Kabisa, bamukwe. Hata mimi sitaziona." Akajifunika uso wote na kitenge.

Nikaanza. Chini ya kila mkono kuna kofia ndogo ya plastiki. Unaibandua, unakuta nati. Nati zile hazikuwa nati tena, zilikuwa mayai ya kutu. Nikazidondoshea mazutu, yale mafuta ya malori, nikaziacha zinywe, nikadondosha tena, zikanywa tena. Baba mudogo alileta kiti akakaa mbele ya gari kusimamia.

"Baba, piga nyundo."

"Nikipiga, kioo kitapasuka."

"Sasa ulisoma nini usiku kucha?"

"Nilisoma subira, baba mudogo."

"Subira inasomewa mchana. Iko bure."

Nati zilikubali hatimaye, zikilia kama mlango wa gereza. Lakini nati ikitoka, kazi bado. Mkono wenyewe umekaa juu ya kijiti cha chuma chenye meno madogo madogo, na kutu huyashona meno ya huku na ya kule kuwa kitu kimoja. Ukiukwanyua kwa bisibisi ukiegemea kioo, umeagana na kioo, na kioo cha gari lile hakipatikani tena labda kaburini. Nikatandika blanketi juu ya kioo. Nikaunyanyua mkono usimame, nikaushusha, nikautikisa pembeni, kidogo, kidogo zaidi, kama unavyotikisa jino la mtoto anayelia. Wa kushoto ulitoka ukiwa mzima. Wa kulia ulitoka ghafla mpaka nikaanguka kitako, na mama mudogo, aliyekuwa anapita na beseni, akapiga magoti papo hapo: "Bamukwe anakaa chini na mimi nasimama? Haiwezekani."

Kabla ya kuing'oa nilikuwa nimefanya jambo la kitaalamu ambalo najivunia mpaka leo: nilichora kwa chaki, kwenye kioo, mstari mahali kila mkono unapolala. Bila mstari huo hujui uurudishe kwenye jino lipi.

Mikono niliiweka ndani ya beseni, nikaikamulia ndimu. Ndimu hula kutu polepole, na mazutu nilikuwa nimeyamaliza. Zilikuwa ndimu za samaki wa mama mudogo, lakini hilo niligundua baadaye, wakati wa kula. Siku ya pili maji ya beseni yalikuwa mekundu kama barabara ya Kalima. Nikachukua burashi ya waya, halafu msasa mkali, halafu msasa laini. Kutu ilitoka kwa vipande. Ilitoka nyingi, jamani! Ningeweza kupakia lori. Mama mudogo alifagia chini yangu, akasimama, akalitazama rundo, akauliza kwa upole mkubwa kama gari bado lipo.

Chini ya kutu kulikuwa na chuma. Hili lilinishangaza kuliko fizikia yote. Nilifikiri nitafika upande wa pili nikute hewa. Kilikuwa na mashimo mashimo kama uso wa mtu aliyeugua tetekuwanga, lakini kilikuwa kigumu, na springi ndani yake ikavuta nilipoikunjua. Nikaiosha mikono kwa sabuni, nikaikausha juani, nikaipangusa na kitambaa chenye esansi, yaani petroli, ili mafuta ya vidole vyangu yasibaki. Kisha rangi ya kwanza, ile ya kuzuia kutu, ya kahawia. Nikafunga karatasi kwenye springi na kwenye tundu lenye meno, maana huko rangi ikiingia mkono hautakaa sawa. Nikaining'iniza mikono kwenye waya wa kuanikia nguo, kati ya suruali za baba mudogo.

Halafu nyeusi. Watu wengi hukosea hapa: wanapaka nzito, inachuruzika, inakauka na machozi. Mimi nilipaka nyepesi, nikangoja, nikasugua na msasa laini kabisa, nikapaka tena. Nilipaka kwa mawazo ya mtu anayeficha maisha ya watu watatu machoni mwa radi. Baba mudogo naye alikuja na miwani yake, akazungusha kila mkono juani akitafuta mahali penye kung'aa.

"Hapa."

"Ni kivuli cha pua yako, baba mudogo."

"Sogeza pua tuone. Hapana, nisogeze yangu. Sawa, kumbe ni pua."

Zilipokauka zilikuwa nyeusi kiasi cha kwamba nilizipapasa kwenye waya nikakamata suruali. Naapa.

Kesho yake, siku ya kuzirudisha, nilikuta kioo kinameta. Mama mudogo alikuwa ameamka mapema akakiosha kwa sabuni na gazeti, kwa heshima ya shangazi.

"Mama mudogo, chaki yangu!"

"Chaki gani? Kulikuwa na uchafu mweupe, nimeutoa."

Nikakisia. Nikafunga nati, baba mudogo akageuza swichi. Mikono miwili iliinuka kwa adabu, ikafika katikati, ikakutana, ikaanza kupigana. Ilipigana kama mashemeji wawili wanaogombania kiti cha mbele. Mmoja ulipanda juu ya mwenzake, mwingine ukamkwaruza kutoka chini, baba mudogo akawa anapiga kelele "Simamisha! Simamisha!" ilhali swichi iko mkononi mwake mwenyewe. Mama mudogo alicheka mpaka akakaa juu ya ngazi, heshima ya bamukwe imemwanguka pamoja na kitenge.

Nikarekebisha, jino hili, jino lile, mpaka ikapangusa kila mmoja upande wake. Lakini kwenye mkono wa kulia, karibu na ncha, kulibaki mkwaruzo. Ulikuwa mdogo, urefu wa punje ya mchele, na chuma kilionekana ndani yake, cheupe. Rangi ilikuwa imekwisha. Nikausiliba na masizi ya sufuria, nikamwomba Mungu.

Tuliondoka asubuhi ya jua. Baba mudogo aliendesha, hakukubali mwingine. Alikuwa amevaa koti, na kofia aliyokuwa akiivaa zamani enzi za safari zake, ili dada yake amjue kwa mbali. Mimi nilikaa pembeni yake na spana. Mama mudogo nyuma, amepakata sufuria ya kuku aliyempika tangu alfajiri, kifuniko kimefungwa kwa kitambaa, kwa sababu shangazi alimpenda kuku wa mawese kuliko alivyompenda mtu yeyote. Tulivuka Lualaba kwa kivuko, tukatokea Alunguli ng'ambo ya pili, tukaingia msituni. Baba mudogo alikuwa anaimba. Alizoeza mdomo namna atakavyosema akifika: "Dada, mutoto yako wa gari njo huyu." Alijaribu kwa sauti nene, akajaribu kwa sauti ya kawaida, akauliza ipi nzuri.

"Ile haitoi machozi," mama mudogo alisema kutoka nyuma.

Hatukuwa tumefika nusu ya njia, mbingu ikafunga. Mvua ya kwetu hainyeshi, inamwagwa na mtu mwenye haraka. Baba mudogo aligeuza swichi, na mikono yangu ikainuka. Ewe! Huku na kule, huku na kule, bila kugombana, bila kulia, barabara mbele yetu inafunguka na kujifunga, inafunguka na kujifunga. Nilitaka watu wa Kindu wote wawe wamekaa kiti cha nyuma waone.

Ndipo ngurumo ikapiga. Na mimi nikatazama ncha ya mkono wa kulia. Masizi yalikuwa yameoshwa. Ile punje ya mchele ilikuwa inang'aa, inapanda na kushuka mbele ya macho yangu, inaita.

"Baba mudogo, simama!"

Alisimama kabla sijamaliza neno. Naye alikuwa ameiona. Miaka yote imepita lakini mguu wake ulikuwa bado unakumbuka. Nikaruka nje na spana, maji yananipiga mgongoni kama fimbo, nikaanza kufungua nati. Mkono wa kwanza ukatoka. Baba mudogo akateremsha dirisha.

"Baba, ndoo iko wapi?"

Ndoo! Tulichukua tairi la akiba, tulichukua panga, tulichukua chumvi ya shangazi, ndoo hatukuchukua. Tukatazamana. Kisha wote wawili, kwa pamoja, tukageuza macho nyuma, kwenye sufuria.

"Mke wangu," baba mudogo alisema, kwa sauti tamu kabisa, "kuku anaweza kukaa kwenye jani moja kidogo."

Mama mudogo aliikumbatia sufuria kwa mikono miwili. "Sufuria ya shangazi? Mutie chuma ya gari?"

"Na majivu," nilisema mimi. "Majivu tutapata wapi kwenye mvua?"

Ngurumo nyingine ikapita juu yetu. Mbele, barabara inateremka kwenye kijito chenye daraja la magogo, na maji yake yalikuwa yanapanda, tuliyaona. Baba mudogo alizima injini. Alivua kofia, akaiweka juu ya magoti, akaitazama.

"Tukingoja, daraja litafunikwa," alisema. "Tukienda bila esuiglasi, sioni magogo. Tukienda nazo, radi. Basi. Baba, rudi ndani. Turudi Kindu taratibu, kichwa dirishani. Dada atangoja ukame."

Tulijua sote kwamba shangazi hangojei ukame. Anaweza kuwepo, akakaa pale pale mlangoni, lakini mtoto wake wa gari atakuwa ametoka kichwani mwake kama wengine. Baba mudogo alishika ufunguo ili aligeuze gari.

"Usigeuze," mama mudogo alisema.

"Radi, mama mudogo," nilisema mimi dirishani, maji yananitoka puani. "Hauoni pale panang'aa?"

"Radi gani? Hakuna radi ndani ya esuiglasi. Haijakuwako hata siku moja."

"Mbona mji muzima..."

"Mji ulisikia kwangu." Hakuwa anacheka, wala hakujifunika uso. Alikuwa anamtazama mume wake kisogoni. "Ile habari nilitunga mimi, pale majini, nikiteka maji na wanawake wengine. Huyu nilimwambia usitoke na mvua, akatoka. Nilimwambia tena, nikalia, akatoka. Watu walikuwa wanakufa kwenye barabara hii. Nikajua hasikii mimi, lakini mji atasikia. Nikasema esuiglasi inaita radi. Ya kofia na ya kiatu sikusema, waliongeza wao. Ya ndoo nilisema, ili ikae ndani maji ioze, asiweze kwenda tena. Esuiglasi ni chuma ya kupangusa maji tu, bamukwe. Rudisha ile mukono, funga nati, twende."